Simba hawaoani, wanapandana

Msomaji wa Nakuru anauliza: simba dume akimpanda dume mwenzake, ni sawa kusema "simba mashoga wanaoana"? Kaikumbuka ile picha ya 2017 ya madume wawili kule Masai Mara, iliyomfanya Ezekiel Mutua, wakati huo bosi wa bodi ya filamu Kenya, aseme simba hao wanahitaji ushauri nasaha maana huenda wamewaiga watu.

Shoga tulimalize haraka. Pwani ni neno la wanawake, mtu anamwita rafiki yake shoga na wala si tusi, hiyo maana nyingine imekuja kulifunika, na simba halimhusu kwa maana yoyote kati ya hizo mbili.

Mimi kinachonichoma ni hilo "wanaoana". Jamani! Kuoa ni posa, mahari, wazee mkekani, kadhi au padri. Simba kapeleka posa kwa nani? Lakini washa tu redio, utasikia "nyati wanaoana", na mtoto anakua hajui kama Kiswahili kina kitenzi chake tayari, KUPANDA.

Muulize mfugaji yeyote wa ng'ombe wa maziwa, awe wa Kiambu au wa Hai. Ng'ombe akiingia joto, yaani akiwa tayari kupata mimba, majike wenzake wanampanda, na yeye anasimama tuli hakimbii, hapo ndo mfugaji anajua wakati umefika, akimuona asubuhi, jioni anamuita mtu wa kupandisha kwa mirija, yaani kumtia mbegu bila dume, akimuona jioni basi kesho yake asubuhi, na akizubaa asubiri tena kama siku 21. Jike juu ya jike, zizi zima linaona, na hakuna mfugaji anayesema ng'ombe wangu wameoana. Anasema "kapandwa na wenzake", basi, kila mtu kaelewa. Twiga madume nao hupandana, mara nyingi baada ya kupigana shingo, kitenzi ni hichohicho.

Panapobana ni kwa albatrosi, ndege wa baharini, wa kisiwa cha Oahu, Hawaii. Watafiti waliripoti 2008 kwamba 31% ya jozi zao ni majike watupu, wanaatamia na kulea kinda pamoja, wengine miaka na miaka. Hapo kupanda hakutoshi kwa sababu kinachosimuliwa ni maisha, sio tendo. Sema wanaishi jozi, sema wanalea pamoja. Ndoa hata hapo sikubali.

Kwa hiyo msomaji wangu andika "simba dume kampanda dume mwenzake". "Wamepandana" nitaivumilia, ingawa kwenye picha ile aliyekuwa juu ni mmoja.