Kwa ninyi mnaoanza kutunga maswali ya chemsha bongo

Jumamosi nilikaa nyuma ya ukumbi nikiwasikiliza mkiwauliza watoto wetu kuhusu Marekani, Kanada na Meksiko, na mara tatu nilishika kichwa. Nawapenda, vijana. Najua wengine mnatoka moja kwa moja zamu ya usiku. Ila makosa ni yale yale tuliyoyafanya sisi.

1. Neno "rasmi" liogopeni. Mwaka 2023, kwenye fainali, nilisoma kadi: "Ndege rasmi wa taifa la Marekani ni yupi?" Jibu la kadi lilikuwa tai mwenye kichwa cheupe. Kijana wa miaka 12, mzaliwa wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, akawahi kengele: "Hayupo. Tai yuko kwenye mhuri tu." Ukumbi ukacheka. Nikasema si sahihi, swali likaenda upande wa pili, wakajibu "tai", wakachukua kombe kwa alama hiyo moja. Mtoto hakubisha. Alikunja karatasi yake ya kujisomea mara nne, akaisukuma ndani ya soksi. Mlangoni mama yake akaniambia, "Mwalimu, huyu amesoma wiki tatu." Nikamjibu kuwa kadi ndiyo kadi.

Desemba 2024 habari ikatoka: Rais Biden ametia saini sheria ya kumfanya tai ndege wa taifa. Ndiyo kwanza! Tai aliwekwa kwenye Mhuri Mkuu mwaka 1782, watu wakamchukulia hivyo zaidi ya miaka 240 bila sheria yoyote kutamka. Nilikuwa ndani ya basi. Nilishuka kituo kisicho changu, nikasimama kwenye theluji nikiisoma tena. Jioni nikaenda kwao kumwomba radhi mbele ya wazazi wake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama najua kwamba baisani, yule nyati wa Amerika, alimtangulia tai, maana sheria ya kumfanya mnyama wa taifa ilipita 2016. Sikuwa najua.

Tangu siku hiyo kila alama ya taifa naitafutia tarehe mbili, ya desturi na ya sheria. Mashairi ya wimbo wa taifa wa Marekani Francis Scott Key aliyaandika 1814. Sheria ikaja 1931. "O Canada" uliimbwa mara ya kwanza 1880, ukawa rasmi 1980.

2. Tarehe 5 Mei si uhuru wa Meksiko, jamani! Ni ushindi wa Wameksiko mjini Puebla dhidi ya Wafaransa, 1862. Uhuru ni 16 Septemba, kwa wito wa padre Hidalgo mwaka 1810.

3. Kanada haina rais. Kuna aliyeuliza "rais wa kwanza wa Kanada", watoto wakatazamana. John A. Macdonald alikuwa waziri mkuu, kuanzia 1867.

4. Swali moja, jibu moja. "Mistari na nyota za bendera ya Marekani ni ngapi?" Mmoja akajibu 13, mwingine 50, kila mmoja anadai alama, na wote wana haki.

5. Jisomeeni kadi kwa sauti nyumbani.

Za Jumamosi ijayo nizione Alhamisi jioni. Yule kijana amekubali kuzikagua pamoja nami, na mama yake ameahidi maandazi.