Maswali na Majibu: Nani Anaumia, na Je, Aliulizwa?

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza kama jambo fulani linaruhusiwa. Hilo mpelekeeni wakili. Hapa tunauliza nani ataumia, na kama aliulizwa.

Nasafirisha kuku kwa pikipiki kutoka Luanda, Vihiga, hadi soko la Kibuye mjini Kisumu. Huwafunga miguu na kuwaning'iniza kichwa chini, 30 kwa safari. Si watachinjwa tu? Kosa liko wapi? (Mwendesha boda, Vihiga)

Swali hili hurudi kila mara, na kila mara na sababu ileile: "atachinjwa tu." Hata wewe utakufa, ndugu yangu, na hilo halimpi mtu ruhusa ya kukutesa njiani. Kuku anahisi maumivu. Saa nzima ya safari ni yeye anayeipitia.

Mtazame vizuri. Kuku hana kiwambo kama chetu kinachotenga kifua na tumbo. Ukimgeuza kichwa chini, ini na matumbo hulalia mapafu na mifuko ya hewa, ndiyo maana hutweta mdomo wazi huku akijikunja kuinua kichwa. Kamba ya katani humkata ngozi ya miguu, na pikipiki ikiruka tuta, nyonga huteguka. Mnunuzi naye hupelekewa paja lenye damu iliyovilia.

Tumia tenga. La sentimita 90 kwa 60 linatosha kuku 12 wa kilo mbili mbili. Kimo chake kimwezeshe kuku kuketi bila kugonga kichwa, lakini kisizidi sana, maana watapandana na wa chini atakosa hewa. Ondoka asubuhi kabla jua halijawa kali, na ukifika wape maji kwanza. Najua 12 si 30. Hasara hiyo gawaneni wewe na mnunuzi. Kufikia sasa kuku ndiye aliyekuwa akiilipa.

Nanyi mnaowachinjia wateja pale sokoni: kisu kikali, mishipa yote miwili mikubwa ya shingo, kisha dakika mbili kamili kabla ya maji moto. Mteja akiwa na haraka, wengi hungoja sekunde chache tu, na kuku huingia kwenye sufuria akiwa bado hai. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, ipo, ila msimngoje askari ndipo muhesabu hizo dakika mbili.

Naweza kumpima mchumba wangu virusi vya ukimwi kisiri kabla ya harusi? (Bondo)

Hapana. Sheria ya Kenya ya ukimwi ya mwaka 2006 inataka ridhaa ya anayepimwa. Nendeni pamoja.

Mapigano ya fahali ni utamaduni wetu Waisukha na Waidakho. Mbona mnatuingilia? (Kakamega)

Utamaduni unaeleza kwa nini mnayapenda. Haujaeleza kama ni haki. Fahali wawili kusukumana pembe mpaka mmoja akimbie ni jambo ambalo wangelifanya hata malishoni, na kwa hilo sina ugomvi mkubwa nanyi. Ugomvi wangu ni kwa yale yanayoongezwa na binadamu: kuchonga pembe zichome, kumnywesha mnyama pombe, kumchapa anayesita, na umati kufunga duara hadi anayeshindwa akose pa kutokea. Fahali anayetaka kukimbia ameshasema. Acheni upande mmoja wazi, pembe ziwe butu, daktari wa mifugo awepo, na watoto wakae nyuma ya uzio, kwa sababu fahali anayekimbia haoni mtu. Ngoma ya isukuti italia vilevile.

Nilipiga picha za ajali karibu na Salgaa nikazituma kwenye kikundi cha WhatsApp ili madereva wajihadhari. Sasa nalaumiwa. Uhuru wa kujieleza uko wapi? (Nakuru)

Dereva alihitaji kujua mahali, saa, na kama barabara imefungwa. Uso wa marehemu haukumwongezea chochote, lakini huenda mama yake aliuona kwenye simu ya jirani kabla mtu hajamketisha na kumpa habari. Zifute, uombe kikundi kizima kizifute, na siku nyingine piga 999 kabla ya kupiga picha.

Nikiandika kwamba diwani wetu amekula pesa za barabara, si ni haki yangu? (Njoro)

Kuuliza ni haki yako, na ningependa uitumie zaidi. Kifungu cha 33 cha Katiba kinakulinda, na mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha kosa la jinai la kumchafulia mtu jina, kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu. Kesi ya madai bado ipo, na huko utatakiwa kuthibitisha ulichosema. Kwa hiyo andika unachoweza kukionyesha: bajeti ilitenga kiasi hiki, barabara ni hii kwenye picha, diwani aeleze. Sentensi hiyo ina nguvu kuliko "mwizi", na ni vigumu kushtakiwa kwayo.

Onyo ambalo hukuliomba: ukishaandika "yeye na watu wake", umeacha kumsema diwani na umeanza kusema kabila. Kifungu hichohicho cha 33 hakilindi uchochezi wa vurugu wala maneno ya chuki. Nakuru iliona Januari 2008 maneno ya namna hiyo yanaishia wapi.

Mtoto wangu yuko kwenye utafiti wa chanjo. Fomu ilikuwa ndefu, sisomi vizuri, nikaweka kidole gumba. Naweza kumtoa? (Mama, Siaya)

Ndiyo, mama, siku yoyote, bila kutoa sababu, na matibabu yake ya kawaida hayapaswi kuguswa. Ridhaa ya hiari ni sharti la kwanza la kanuni zilizotoka Nuremberg, Ujerumani, mwaka 1947, baada ya madaktari wa Kinazi kushtakiwa kwa kufanyia wafungwa majaribio.

Kwa asiyesoma, shahidi asiye wa timu ya watafiti hukaa mwanzo hadi mwisho fomu ikisomwa kwa lugha yake, kisha naye hutia sahihi. Kama hakuwepo, kidole chako kiliacha wino tu. Kipimo cha ridhaa ni wewe kuweza kueleza kwa Dholuo chako mtoto atafanyiwa nini.

Lakini usimtoe kwa hofu pekee. Chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Kenya ilianza kuitoa Homa Bay Septemba 2019, ilijaribiwa kwa watoto wa Siaya na Kombewa. Wazazi wao waliwafanyia wengine jambo kubwa, na ndiyo maana walistahili kuelezwa kila kitu. Rudi uulize: atatolewa damu mara ngapi na mililita ngapi (kijiko cha chai ni tano), akidhurika nani analipa, na matokeo mtaelezwa lini. Nauli wakikurudishia, pokea. Hiyo si hongo.

Ukiamua kumtoa, usipotee tu. Waambie, ili wamkague mara ya mwisho kwa usalama wake. Wakikushinikiza, nambari ya simu ya kamati ya maadili ya utafiti inapaswa kuwa kwenye nakala ya fomu uliyobaki nayo. Kama hukupewa nakala, anza kwa kuidai.