Kuipenda na kuieneza Go bila kuishiwa hamu

Mkuu mleta mada, umesema unafundisha Go, ule mchezo wa ubao wa kuzingirana kwa kete nyeusi na nyeupe, kila wiki, wageni wanakuja mara moja na kupotea, na sasa hata kucheza mwenyewe hutaki tena. Nimeendesha kikundi cha Go kwa miaka mingi, hali hiyo naijua vizuri.

Kubwa kuliko yote: rudisha mchezo wako. Anayefundisha hupanga meza, hujibu maswali, hukaa na wageni mwanzo hadi mwisho, kisha huenda zake bila kucheza hata mara moja kwa raha yake. Ukienda hivyo kwa miezi, lazima uichukie. Mimi nina sharti: kila tukikutana, mchezo mmoja ni wangu na mtu wa kiwango changu, na mgeni akiingia katikati anapokelewa na mwenzangu. Wapo waliosema ni uchoyo. Lakini wengi wa waliobaki kikundini ni wale waliokuja wakatukuta tumeinamia ubao, wakasimama kutazama, wakaanza kuuliza wenyewe.

Pili, punguza unachofundisha. Ubao kamili una mistari 19 kwa 19, yaani makutano 361. Mgeni hajui aanzie wapi, nawe unaongea hadi sauti inakauka. Tumia ubao wa 9 kwa 9, na sharti liwe moja: anayekula kete ya kwanza ameshinda. Yasuda Yasutoshi, mchezaji wa kulipwa wa Japani, ndiye aliyeieneza sana njia hii. Mweleze tu kwamba kete ikizibwa pande zote inatolewa ubaoni, basi, nyamaza. Utaona mkono wake unaelekea kona nyingine, unasita, macho yanarudi kwenye kete yako iliyobakiwa na pumzi moja, yaani nafasi moja tu tupu kando yake. Anaziba. Anaiinua ile kete kwa vidole viwili huku akikutazama kama anaomba ruhusa. Usimkatize hapo kwa somo la macho mawili (nafasi mbili tupu zinazolinda kundi la kete lisitolewe) wala kuhesabu eneo. Atacheza tena bila kuombwa, na wewe hujachoka.

Wanaopotea waache waende. Sipigi simu kuwabembeleza, nahakikisha tu wanajua siku na mahali tunapokutana.

Nikikata tamaa huwa namkumbuka Iwamoto Kaoru, mchezaji wa kulipwa wa Japani. Tarehe 6 Agosti 1945 alikuwa akigombea Honinbo, taji kubwa la Go huko Japani, na mwenye taji Hashimoto Utaro nje kidogo ya Hiroshima bomu lilipoanguka; walipanga tena kete zilizotawanyika, wakamaliza mchezo siku hiyohiyo. Baadaye alilitwaa taji lenyewe. Vituo vya Go alivyofadhili Amsterdam, New York na Seattle vilifunguliwa miaka ya 1990, naye kazaliwa 1902. Aliieneza Go akiwa mchezaji kwanza.

Kuhusu daraja, yaani kyu za wanaojifunza na dan za waliobobea, ukiona unaogopa kucheza usije ukashuka, cheza michezo isiyohesabiwa. Au mpe aliye chini yako kete za kutangulia, kuanzia 2 hadi 9 kadiri ya tofauti yenu. Go ina bahati hiyo: mkubwa na mdogo wanatoka jasho kwenye ubao mmoja.

Programu za uchambuzi nazo ni za kuwekea mpaka. Tangu programu ya kompyuta AlphaGo imfunge bingwa wa Korea Kusini Lee Sedol 4 kwa 1 mwaka 2016, watu humaliza mchezo wakakimbilia kuangalia asilimia zao za kushinda zimeshuka wapi. Sisi tunazungumza kwanza na mpinzani: hapa ulitaka nini, pale uliogopa nini? Kwangu mazungumzo hayo ni nusu ya utamu wa Go. Kompyuta inafuata baadaye, kwa anayetaka.

Sasa mkuu, umetaja mwenzako anayekuja kila wiki na hajawahi kufundisha. Mkabidhi funguo na zile mbao ndogo mkutano ujao. Wewe nenda kama mchezaji, tafuta mtu anayekuweza, mkae meza ya mbali.