Kikomo cha umeme kati ya kanda mbili: usijumlishe tu uwezo wa laini

Mkuu umeuliza kama unaweza kuchukua uwezo wa laini zote zinazovuka mpaka wa kanda, ukajumlisha, hiyo ndo ikawa kikomo cha umeme unaoweza kupita kati ya kanda mbili za gridi kwenye modeli yako. Hapana aisee, usifanye hivyo. Nimekaa sana kwenye hizi kazi na hapa ndo matokeo ya watu wengi yanapoharibika.

Chukua laini mbili sambamba, moja ya 400 MW nyingine ya 200 MW, riaktansi (ukinzani wa laini kwa umeme wa AC) zinalingana. Ukijumlisha unapata 600. Ila umeme haujali laini ipi ni nene, unagawanyika kwa kufuata riaktansi, so hapa kila moja inabeba nusu na ile ndogo ikifika 200 umeshagota, jumla 400 tu. Sasa weka N-1, yaani gridi iendelee kufanya kazi hata laini moja ikitripu (ikijizima ghafla): ikitoka ile kubwa mzigo wote unahamia kwa ndogo, kikomo salama kinabaki 200. Theluthi ya namba uliyoanza nayo! Na sio mambo ya kwenye karatasi tu, tarehe 28 Septemba 2003 laini moja ndani ya Uswisi, kwenye njia ya umeme wa kwenda Italia, ilitripu sababu ya mti, mzigo ukahamia kwa nyingine, zikaelemewa zikatoka moja baada ya nyingine na karibu Italia nzima ikawa giza.

Hizo MW za laini hapo juu ni kikomo cha joto la waya tu. Laini ikiwa ndefu, volteji au uthabiti wa jenereta (kuzunguka pamoja bila kuachana) vinakubana kabla waya haujapata moto.

Mimi huwa napiga lodi floo (hesabu ya umeme kiasi gani unapita kwenye kila laini), napandisha uzalishaji kanda A nashusha kanda B kidogo kidogo, kila hatua natoa laini moja moja na transfoma pia, kitu cha kwanza kuzidiwa ndo kikomo changu. Angalia umepandisha kituo kipi cha kuzalisha umeme maana ukibadili kituo namba inabadilika, hili wengi hawalitaji kabisa. Rudia kwa upande wa B kwenda A, usidhani itakuwa ileile, na rudia kwa msimu wa joto na wa baridi kwa sababu hewa ikiwa ya moto waya unabeba kidogo.

Kanda zikiwa tatu au zaidi kikomo kimoja kwa kila mpaka hakitoshi, umeme wa A kwenda B unapitia C pia, tumia migawo ya PTDF, yaani namba zinazoonyesha sehemu gani ya umeme unaosafirishwa inapita laini ipi. Tuma riaktansi na uwezo wa kila laini niangalie.