Ukishika barua ya gavana, anza na tarehe

Wengi wanaoanza kukusanya nyaraka za enzi ya ukoloni hukimbilia saini. Wakiliona jina la Sir Donald Cameron au Sir Edward Twining chini ya karatasi, wanauliza bei papo hapo. Nawasihi wageni wa kazi hii muanzie juu, kwenye tarehe, mshuke polepole.

Cameron alikuwa gavana wa Tanganyika kuanzia 1925 hadi 1931, Twining kuanzia 1949 hadi 1958. Jina Tanganyika lenyewe Waingereza walianza kulitumia rasmi kwa nchi nzima mwaka 1920, kwa hiyo karatasi yenye jina hilo kichwani na tarehe ya 1917 mrudishieni muuzaji. Kwa Wajerumani, tazameni bahasha. Stempu za heller, yaani senti za rupia ya Wajerumani, zilitoka 1905. Kabla yake rupia iligawanywa kwa pesa 64. Barua ya Gavana von Götzen ya 1902 ikiletwa ndani ya bahasha yenye stempu ya heller, kuna mtu amewakutanisha wasiojuana. Na ikiwa mnataka barua za Wajerumani, jifunzeni Kurrent, mwandiko wao wa mkono wa zamani. Hata Wajerumani wengi wa leo hawausomi.

Kisha ulizeni ni mkono wa nani. Kufikia wakati wa Cameron, barua za kiserikali zilipigwa taipu na makarani. Mara nyingi gavana aliandika kwa kalamu salamu ya mwanzo na maneno ya kuaga tu, halafu akatia saini. Barua ya namna hiyo ni halali kabisa, ila isiuzwe kwa bei ya barua aliyoiandika mwenyewe yote. Chukueni lenzi: saini iliyochapwa kwa mashine huonyesha vitone au wino uliolala sawasawa, bali kalamu huacha alama pale iliposita na pale ilipokandamizwa.

Hayo yote ni ulinzi wa mfuko. Thamani ya kweli imo katika maneno. Mimi ningetoa kadi kumi za mwaliko wa chakula zenye saini ya Cameron nipate barua moja ya 1926, mwaka wa sheria yake ya mamlaka za wenyeji, akimweleza afisa wa wilaya nani atambuliwe kuwa chifu na kwa nini. Vivyo hivyo Twining: mwaka 1951 serikali yake iliwaondoa Wameru kwenye ardhi yao ya Ngare Nanyuki, karibu na Mlima Meru wa Arusha, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akaipeleka kesi hiyo Umoja wa Mataifa, New York. Mstari mmoja wa gavana kuhusu jambo lile unagusa familia ambazo bado ziko Meru. Someni kila jina lililotajwa, hata la mpagazi au karani, mliandike pembeni kwenye daftari lenu. Huenda hiyo ndiyo karatasi pekee inayomtaja.

Msiibandike selotepu, msiipige lamineti, na alama zenu ziwe za penseli laini, nyuma ya karatasi. Iwekeni mbali na jua na unyevu.

Jambo la mwisho ndilo zito. Tazameni kona ya juu. Mkiona tundu la uzi wa faili na namba ya ukurasa iliyoandikwa kwa mkono, barua hiyo iliwahi kukaa ndani ya faili la serikali, na inawezekana ilitolewa humo bila ruhusa. Afrika Mashariki imekwisha kupoteza nyaraka nyingi. Kabla ya uhuru Waingereza walichoma baadhi na kusafirisha nyingine, na ni mwaka 2011 tu, wakati wazee wa Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza, ndipo ilipokiri kwamba maelfu ya mafaili yalikuwa yamefichwa Hanslope Park, kituo cha serikali huko Uingereza. Kwa hiyo mwulizeni muuzaji aliipata kwa nani, na huyo kwa nani. Akishindwa kujibu, andikeni ile namba ya faili mkawaulize Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam au Nairobi, kabla hamjalipa hata senti.