Kabla Hujampeleka Ndugu Yako Soba

Ukishampata ndugu yako amekubali kuacha dawa za kulevya au pombe, kila mtu nyumbani huogopa kwamba kesho atabadili mawazo. Mama yetu alitaka mdogo wangu aondoke siku ileile, popote penye nafasi. Haraka hiyo naielewa, ila soba, yaani nyumba wanayokaa wanaoacha ili wasaidiane, si hospitali, na nyumba nzuri ni ile inayolijua hilo.

Anzeni kwa daktari. Arosto, yaani hali inayompata mtu mwili ukikosa alichozoea, ikiwa ya unga (heroini) ni mateso: kutapika, kuharisha, mifupa kuuma, usingizi hakuna, na hukaba zaidi siku ya 2 na ya 3. Ya pombe inatisha zaidi. Aliyekunywa pombe kali kila siku kwa miaka, akikatishwa ghafla, anaweza kushikwa na degedege akafa. Vivyo hivyo aliyezoea vidonge vya usingizi. Hao wapitie hospitali kwanza.

Ndiyo maana kila nyumba tuliyofika hapa Dar es Salaam niliuliza: mtu akizidiwa saa nane usiku mnafanyaje? Kwenye nyumba moja tulijibiwa, "Hapa hazidiwi mtu, wakifika wananyooka." Mlango wa chumba cha wanaoanza ulikuwa na kufuli kwa nje. Tukaaga. Nyumba nyingine msimamizi, ambaye naye alishatumia akaacha, alitutajia hospitali wanayokimbilia na dereva wa bajaji wanayempigia. Akasema pia kwamba mtu wa pombe hampokei bila barua ya daktari. Lile alilokataa ndilo lililonifanya nimwamini.

Omba kukaa na vijana wenyewe, msimamizi asiwepo. Niliketi uani na waliokuwa zamu ya jikoni, wanachambua mchele kwenye ungo. Pembeni mgeni mmoja alikuwa amejifunika blanketi saa saba mchana na jua lile, anapiga miayo, makamasi yanamchuruzika, na mwenzake anamkanda miguu wala hakuna aliyemtuma. Usajili nao ulizia kwa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, ni muhimu, lakini hautakuonyesha jambo kama lile. Ukiona minyororo, fimbo au mtu ananyimwa chakula kwa adhabu, usikae hata kunywa maji.

Kuna suala la methadoni, dawa ya kunywa anayopewa mtumiaji wa unga ili asipate arosto, na hapa nina msimamo. Tangu 2011 dawa hii inatolewa Muhimbili, na baadaye kliniki nyingine za serikali zikafuata, bila malipo. Bado wapo wanaosema anayekunywa methadoni hajaacha, ni teja tu aliyebadili dawa. Si kweli. Ni tiba, na imewarudisha watu wengi kazini na kwa watoto wao. Kama ndugu yako yuko kwenye dozi, uliza nani atampeleka kliniki kila siku. Nyumba inayomlazimisha aikatishe ili aingie, iacheni.

Halafu ulizeni habari za kutoka, maana watu husahau. Baada ya miezi bila unga mwili unakuwa umeshasahau ule wingi wa zamani. Akirudi kijiweni akatumia kipimo kilekile anaweza kufa palepale. Mwambieni waziwazi, na nyumbani mjue pia. Mdogo wangu alianza kwa kuja nyumbani Jumamosi tu, kisha akahamia kwa mjomba Morogoro, kwa sababu mtaani kwetu wauzaji wanamjua kwa jina. Mikutano ya NA (Narcotics Anonymous), ya watu walioacha kusaidiana, anaendelea nayo hukohuko.

Swali la mwisho kabla ya kutoa pesa: aliyeteleza akarudia, mnampokea? Nyumba yetu walisema ndiyo, na kwamba wengi waliokuwa pale haikuwa mara yao ya kwanza. Tukalipa mwezi mmoja, tukachukua risiti.