Kabla ya kuuliza kama speli inaweza, niambieni kufuli ni la nani

Jibu langu lilikuwa tayari kabla sijamaliza kulisoma swali. Swali la wiki la gazeti hili linauliza: mchezaji wa Dungeons & Dragons, ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa hadithi na dadu, akitumia speli, yaani uchawi wa mhusika wake, kwa namna ambayo kitabu cha sheria hakikuitaja, mwendesha mchezo, yule anayesimulia na kuamua, akubali au akatae? Akubali. Tena bila kukunja uso. Anayetaka kubanwa na maandishi aende akacheze drafti, kule kete haina la kujadili.

Hawa wa "kitabu kimesema, basi" huwa nawashangaa. Mchezo huu ulipochapwa Marekani mwaka 1974 ulikuwa vijitabu vitatu vyembamba, na speli nyingi zilielezwa kwa mistari michache. Yaliyobaki mlimalizana wenyewe mezani. Speli ya mwanga, kwa mfano, ni ya kumulika gizani, lakini matoleo ya zamani yaliruhusu kabisa umwashie adui machoni apofuke. Mpira wa moto wa kitabu cha 1978 ulikuwa unajaza nafasi: futi za ujazo 33,000. Ukiurusha uwanjani, hewala. Ukiurusha kwenye ushoroba wenye upana wa futi 10 na kimo cha futi 10, moto unajitafutia nafasi yake, yaani futi 330 za ushoroba, na wewe uliyeurusha umo humohumo. Matoleo ya baadaye, likiwemo la 2014, yakaupunguza makali: futi 20 kutoka katikati hadi ukingoni, kuta ziwe karibu ziwe mbali. Usalama umeongezeka, na watu wameacha kuupima ushoroba kwa macho kabla ya kufungua mdomo.

Halafu kuna grisi, speli ya kutelezesha sakafu. Kwa miaka 10 kitabu kilikaa kimya kuhusu kama grisi ya kichawi inashika moto, na watu walibishana meza kwa meza mpaka chai ikapoa. Toleo lililosahihishwa la 2024 likaandika kwamba haiwaki, mjadala ukafungwa. Mimi nilikuwa upande wa inawaka.

Sasa nitoe mfano wa mezani kwetu, ili msidhani nasema ya kusikia.

Tunachezea Tabata, Dar es Salaam, Jumamosi jioni, sebuleni kwa mwendesha mchezo tunayemwita Mwalimu, ingawa hafundishi popote. Wengi wetu tunatumia zile sheria za msingi zilizowekwa bure chini ya leseni ya Creative Commons Januari 2023, maana kitabu cha kuchapwa, ukijumlisha na usafirishaji, ni kodi ya chumba. Speli ninayotaka kuisimulia haimo kwenye sheria hizo za bure. Imo kwenye kitabu cha nyongeza cha 2017, na kundi zima tuna nakala moja tu, ya dada mmoja ambaye ni fundi wa majokofu na viyoyozi. Sote tunamwita Fundi. Mhusika wake ni mchawi, na speli yenyewe ni ile ndogo ya kuyachezea maji: unayasogeza, unayapa umbo, unayabadilisha rangi, au unayagandisha kwa saa moja iwapo hakuna kiumbe ndani yake. Haili akiba yako ya speli, ile idadi unayopewa kwa siku. Unaweza kuirudia mchana kutwa.

Hesabu yake wengi hawaijui. Inashika maji ya mchemraba wa futi 5, yaani zaidi ya lita 3,500. Lile tangi jeusi la nyuma ya nyumba la lita 3,000 halifiki hapo. Wakati huohuo speli ya kuumba maji, ambayo ni ya daraja la kwanza na inakula akiba, inakupa galoni 10, kama lita 38. Ndoo mbili, tena si za kujaa. Sijui nani alizipima hizi mbili siku moja akaona zimelingana.

Basi siku hiyo tulikuwa ndani ya pango, mbele ya mlango wa chuma wenye kufuli kubwa la kizamani. Umeme ulikuwa umekatika tangu alasiri, mezani kuna mishumaa miwili na tochi ya simu inayomulika ramani. Fundi akauliza, "Mwalimu, tundu la hilo kufuli likoje?" Mwalimu akasema la kawaida tu, la ufunguo. "Nalijaza maji. Halafu nayagandisha."

Kimya kidogo. Kisha likaanza somo. Maji yakiganda yanaongezeka kama asilimia 9, alisema Fundi, na chuma cha kutupwa kinavumilia kukandamizwa lakini hakivumilii kutanuliwa. Nani hapa hajawahi kusahau chupa ya soda kwenye friza? Mwalimu akajitetea kwamba tundu liko wazi, barafu itatokea mbele. Na hapo, haki ya Mungu, Mwalimu alikuwa sahihi, maana Fundi mwenyewe ndiye aliyewahi kutueleza kwamba hata kule kwenye nchi za theluji bomba halipasuliwi na barafu iliyo wazi upande mmoja; linapasuliwa na maji yaliyonaswa kati ya barafu na koki iliyofungwa, yasiyo na pa kukimbilia. Lakini Fundi alikuwa ameshaliona hilo. Akachukua mshumaa mezani, akauinamisha, nta ikadondokea kwenye kisahani. "Naziba tundu kwa nta kwanza. Sasa yatokee wapi?"

Tulipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Kijana anayecheza mpiganaji alisimama. Mwalimu akacheka, akasema sawa, tupa dadu ya pande 20, nataka 15 kwenda juu. Ikaja 17. Akatusimulia kufuli likilia ndani kwa ndani, ufa ukipanda, kipande kikianguka kwenye mawe. Nimeshacheza na watu wengi, na kama kuna sekunde ya mchezo huu ningeweza kumwonyesha mtu asiyeujua, ningemwonyesha ile, mwanamke ameshika mshumaa gizani akimweleza mzee wa meza habari za asilimia 9.

Hapo ndipo nilipotaka kuishia niwaambie: mnaona? Akubali!

Lakini kuna mtu mmoja mezani ambaye simu yake ilikuwa bado inamulika ukurasa wa mhusika wake. Kundi letu lilikuwa na mwizi. Mwizi wa daraja la tano, mwenye nyaya zake za kufungulia makufuli, nyongeza ya 9 kwenye kila dadu ya kufuli. Kwa kufuli la 15, huyo alihitaji 6 tu. Toka tuanze safari ile, huo ulikuwa mlango wa kwanza wenye kufuli la maana. Yaliyotangulia yote yalikuwa mazimwi na madaraja ya kuvuka. Mwizi alikuwa amechagua ustadi huo badala ya upinde, badala ya kujificha, badala ya mambo mengine mengi yenye faida zaidi. Mwizi alikuwa wangu.

Naliandika hili nikiwa mtulivu. Sikusema kitu siku ile na nilipiga makofi na wenzangu, kwa dhati. Ila wiki iliyofuata kulikuwa na sanduku, na kabla sijafungua kinywa Fundi alishasema, "Barafu na nta." Wiki ya pili yake, geti. Hakuna aliyetupa dadu tena. Mwalimu alisema tu "mnajua inavyokuwa", limepasuka, twende. Hakukuwa na mshumaa wala somo. Ile sekunde tamu ikawa ufunguo wa bure wa milango yote duniani, kwa speli isiyomaliza akiba, na nyaya zangu zikawa mapambo.

Kwa hiyo naona swali lenu limekaa vibaya. Mnauliza kama speli inaweza, na hapo ndipo mabishano ya fizikia yanapoingilia, na kwenye fizikia atashinda kila mara mwenye mdomo au mwenye taaluma. Kitabu cha mwendesha mchezo cha 2024 kimeandika wazi kwamba sheria za mchezo si fizikia, na zamani niliona ni kauli ya wavivu. Mimi ningeuliza kwanza: hii ni kazi ya nani hapa mezani, na anayo leo? Mchawi ana maandishi ya kuyavuta huku na huku. Kila speli ina sentensi tano sita, na kila sentensi ina upenyo. Mpiganaji ana upanga. Atauvutia wapi? Akisema "nakata mnyororo wa taa uwaangukie", ataambiwa atupe dadu mbili na ihesabiwe ndogo. Mchawi akisema jambo la ajabu mara 10 zaidi, tunaambiwa ni ubunifu. Ubunifu tunaousifu karibu wote ni wa watu ambao tayari wana vitu vingi mfukoni.

Basi nilipofika hapa nilishageuka: akatae. Kufuli lina mwenyewe, speli ya mkono wa kichawi ibebe ratili zake 10 na isimkabe mtu, na wale wa kuumba maji ndani ya mapafu ya adui waambiwe tu kwamba kitabu kimesema chombo kilicho wazi, na mapafu si ndoo. (Hilo la mapafu sijawahi kubadilisha msimamo, hata nilipokuwa wa akubali.)

Shida ni kwamba Fundi huyohuyo, kwa speli hiyohiyo, alituvusha ziwa.

Chini ya pango lilelile kulikuwa na maji ya kina, mapana, hakuna mashua, na kundi letu halina speli ya kuruka. Akagandisha mchemraba mzima. Akatoa simu, akapiga hesabu: lita 3,500 na ushee zikiganda zinatanuka, na kile kilichotanuka ndicho kinachokubeba, kama kilo 300 hivi kabla barafu haijazama yote. Tuko wanne. Mpiganaji na deraya lake la kilo karibu 30 akawa tatizo, na hapo meza nzima ikaanza kufanya kazi. Ikabidi avue, deraya livutwe nyuma kwa kamba juu ya kipande kingine. Ngao ikawa kasia. Barafu inateleza na inapinduka ovyo, kwa hiyo mwizi, mwenye wepesi kuliko wote, ndiye aliyekaa ukingoni akiwaelekeza wengine wahamie wapi. Na saa moja inahesabika. Nilitupa dadu tano kwenye lile ziwa na nilizipenda zote, hata ile ya 2 iliyonitumbukiza.

Kwa mujibu wa kitabu, lile la ziwa lina uhalali zaidi kidogo kuliko la kufuli, nakubali, maana kugandisha kumeandikwa na kuelea ni kawaida ya barafu. Lakini hata kama lisingekuwa na uhalali wowote ningesema ndiyo.

Kwa hiyo andikeni hivi, kama mna nafasi ya kuandika: kwenye ziwa akubali, kwenye kufuli akatae. Isipokuwa mwizi hayupo siku hiyo, au amekwama, au ameshajaribu akashindwa. Hapo barafu ije, na ije kwa gharama, angalau ile nafasi moja ya akiba ya daraja la kwanza, ili wiki ijayo mtu afikirie mara mbili. Na ikiwa ni mara ya kwanza kabisa na kuna mshumaa mkononi... hapo sina uhakika. Pengine ningemgeukia mwenye nyaya nimuulize, "Kaka, unaionaje hii?" Siku ile ningeulizwa, ningesema apasue. Naapa ningesema apasue. Sikuulizwa.

Na Fundi, najua unalisoma gazeti hili: nta ni laini kuliko chuma cha kutupwa. Barafu ingeisukuma nta nje kwanza.